Swali la Mwaka wa Tano: Je, Upasuaji wa Kupunguza Uzito Unakufaa?

Ndugu zangu, mabibi na mabwana, na ninyi mliochagua viti vya nyuma karibu na mlango ili mkitaka kutoka mtoke bila kuonekana, karibuni nyote. Watu wa viti vya nyuma nawafahamu. Wengi wenu mmekuja na jambo hili moyoni na nyumbani hamjamwambia mtu.

Mimi ni muuguzi. Kazi yangu ni kuwaandaa watu wanaofikiria upasuaji wa kupunguza uzito, kisha kuwafuatilia baada ya kidonda kupona. Kisu hakishikwi na mkono wangu. Kwa hiyo leo chumba cha upasuaji nitakipita haraka, nikae zaidi pale ninapokaa kila siku, yaani kabla na baada.

Mgonjwa mpya akiingia, hata hajakaa sawasawa, huniuliza, "Sista, nitapungua kilo ngapi?" Ni swali halali, na pengine ndilo jepesi kuliko yote. Kwa wastani, ndani ya mwaka wa kwanza hadi wa pili, aliyekatwa tumbo, yaani aliyeondolewa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, hupoteza karibu robo ya uzito wake wote, na aliyefanyiwa mchepuko, yaani aliyetengenezewa njia ya chakula kulipita tumbo, hupoteza karibu asilimia 30. Mtu wa kilo 130 akafika 95 hivi, hayo ni matokeo mazuri. Bado si mwembamba. Anayetarajia kutoka na kiuno cha miaka yake kumi na minane, huyo tunarudi naye mwanzo kwanza.

Swali linaloamua mambo ni jingine, na kwa kawaida mimi ndiye ninayeliuliza. Mwaka wa tano, wakati watu wameacha kukusifia kwamba umependeza, utakuwa unaishije na tumbo hilo? Na nani atakuwa anakupima damu? Mwenye jibu la swali hilo mara nyingi yuko tayari. Asiye nalo, hata kama vipimo vyote vinamruhusu, ninamwomba asubiri.

Kabla sijaendelea, tuondoe aibu mezani. Kuna msemo kwamba upasuaji ni njia ya mkato ya mvivu. Anayesema hivyo hajawahi kupunguza kilo 20 akaziona zikirudi moja moja. Ukipunguza chakula, mwili haukai kimya. Homoni ya njaa inayoitwa ghrelini, iliyogunduliwa mwaka 1999, hupanda. Nishati unayotumia ukiwa umepumzika hushuka, hata kuliko inavyotarajiwa kwa uzito wako mpya. Mwili hudai kilo zake kama mdai anayejua unapolala. Ndiyo maana mtu anaweza kufuata mlo kwa nidhamu mwaka mzima na bado akashindwa mwaka unaofuata, wala si kwamba amelegea.

Upasuaji huingilia mazungumzo hayo kati ya tumbo na ubongo. Katika njia ya kukata tumbo, daktari huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula na kuacha mrija mwembamba. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotengeneza ghrelini nyingi, hivyo njaa yenyewe hupungua. Katika njia ya mchepuko, na naomba msicheke, hutengenezwa kijifuko kidogo cha mililita 30 hivi juu ya tumbo, kikaunganishwa na utumbo mwembamba huko chini. Chakula kinalipita tumbo lililobaki pamoja na mwanzo wa utumbo. Kikifika chini mapema, utumbo hutoa homoni nyingine, GLP-1 ikiwemo, zinazoleta shibe na kuisaidia insulini. Hii ndiyo sababu kwa wagonjwa wengi wa kisukari aina ya pili sukari huanza kushuka siku chache baada ya upasuaji, kabla uzito wenyewe haujashuka kwa maana yoyote.

Kwa habari ya kisukari, kuna utafiti mmoja uliofanyika Marekani ninaoupenda kwa sababu hausemi uongo upande wowote. Uliitwa STAMPEDE, ulikuwa na watu 150 ambao sukari yao ilikuwa imeshindikana. Baada ya miaka 5, waliofikia lengo la HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, ya asilimia 6 au chini walikuwa asilimia 29 ya waliofanyiwa mchepuko, asilimia 23 ya waliokatwa tumbo, na asilimia 5 tu ya waliotibiwa kwa dawa peke yake. Tofauti ni kubwa mno. Lakini hesabu hiyo isomeni na upande wa pili: zaidi ya theluthi mbili ya waliopasuliwa hawakufika kwenye lengo lile. Wengi wao sukari ilikuwa nzuri kuliko mwanzo na dawa zilipungua, ila hawakuamka asubuhi moja wakajikuta wamepona.

Na uhai? Huko Uswidi walianza mwaka 1987 kuwafuatilia maelfu ya watu wenye unene, wengine wakipasuliwa, wengine wakipata matibabu ya kawaida. Taarifa yao ya mwaka 2020 ilionyesha waliopasuliwa waliishi takriban miaka 3 zaidi ya wenzao. Wengi wao walifanyiwa kwa njia za zamani ambazo leo zimeachwa.

Sasa, nani anafaa? Kuna kipimo cha BMI: chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Mtu wa mita 1.65 mwenye kilo 100 anapata karibu 36.7. Tangu mwaka 1991 mwongozo uliotumika sehemu nyingi ulitaka BMI ya 40, au 35 ikiwa una ugonjwa unaotokana na uzito kama kisukari, presha au kukatika pumzi usingizini. Mwaka 2022 vyama viwili vikubwa vya madaktari wa upasuaji huu, kimoja cha Marekani na kingine cha kimataifa, viliushusha: 35 inatosha hata bila ugonjwa mwingine, na kati ya 30 na 35 unaweza kufikiriwa, hasa ukiwa na kisukari aina ya pili. Kwa watu wenye asili ya Asia, ambao kisukari huwapata wakiwa na uzito mdogo zaidi, namba hizo hushushwa tena. Hospitali na bima nyingine bado zinashikilia mwongozo wa zamani, kwa hiyo uliza mapema.

Namba hii hufungua mlango tu. Haijui mafuta yako yamekaa wapi, haijui misuli yako, wala haijui kama usiku unakula kwa sababu ya njaa au kwa sababu nyumba imekuwa kimya tangu mtu fulani aondoke. Hilo la mwisho ndilo ninalolitafuta zaidi katika mazungumzo yangu. Upasuaji hukata tumbo, majonzi hayakatwi. Anayekula ili atulie, akinyang'anywa kile kinachomtuliza bila kupewa kingine, atakitafuta kingine mwenyewe.

Na mara nyingi hicho kingine ni pombe. Baada ya mchepuko, pombe huingia kwenye damu haraka na kwa kiwango cha juu kuliko zamani. Glasi moja hufanya kazi ya mbili. Tafiti zimeonyesha kwamba matatizo ya unywaji huongezeka baada ya upasuaji huu, hasa kuanzia mwaka wa pili, wakati wengi tayari wameacha kuja kliniki. Ukiwa na historia ya ulevi, iseme. Hutafukuzwa kwa kuisema. Pengine utaambiwa subiri, na kusubiri huko kunaweza kukuokoa.

Wapo wengine wa kusubiri: mjamzito, au anayetaka mimba karibuni, mwenye tabia ya kula kupita kiasi kisha kujitapisha, mwenye sonona kali isiyotibiwa, mvutaji sigara ambaye hajaacha. Wengine uzito wao unatokana na tezi, au na dawa wanazotumia kama steroidi na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Hayo huangaliwa kwanza. Ni ajabu mtu kukatwa tumbo kumbe kilichohitaji kubadilishwa ni kidonge.

Kuna jambo moja halimo kwenye fomu yoyote: nani anayeutaka upasuaji huu? Aliwahi kuja kijana akiwa na mama yake. Kila nilipomwuliza kijana, mama ndiye aliyejibu. Anakula nini, mama. Alianza kunenepa lini, mama. Nikamwomba mama kwa heshima atupishe kidogo. Mlango ulipofungwa, yule kijana akaangalia viatu vyake, akaniambia, "Sista, mimi nataka magoti yaache kuniuma tu. Hayo mengine ni ya mama." Hakupasuliwa mwaka ule. Tulishughulika na magoti na mlo wake. Baadaye alirudi mwenyewe, safari hii peke yake, maswali yake kayaandika kwenye simu, mengine magumu hata kwangu. Huyo ndiye mtu aliye tayari. Nikisikia "harusi yangu ni baada ya miezi minne" au "mume wangu amesema", naweka kalamu chini, tunaanza upya.

Kuhusu kuchagua njia, nitasema mambo machache, mengine mtamwuliza daktari wenu. Kukata tumbo hakurudishwi nyuma, kilichoondolewa kimeondolewa. Ni njia fupi zaidi na ndiyo inayofanyika kwa wingi duniani siku hizi, lakini inaweza kuleta kiungulia au kukizidisha. Mwenye kiungulia kikali tangu zamani mara nyingi hushauriwa mchepuko. Mchepuko nao una masharti yake: dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki huepukwa maisha yote kwa sababu ya vidonda pale palipounganishwa, utumbo unaweza kujinyonga ndani hata miaka mingi baadaye, na upungufu wa vitamini ni mkubwa zaidi. Ule mkanda wa kufunga juu ya tumbo uliovuma zamani, wengi waliowekewa wameshautoa. Sitatumia muda wenu hapo.

Hatari ya kufa? Katika vituo vyenye uzoefu, ni takriban mtu mmoja kati ya elfu moja ndani ya mwezi wa kwanza, sawa na upasuaji mwingine wa kawaida tumboni. Ni ndogo, ila si sifuri, na kwa mwenye moyo dhaifu au umri mkubwa hupanda. Tunachokiogopa zaidi ni mshono kuvuja, damu kutoka, na damu kuganda miguuni kisha kwenda mapafuni. Ndiyo maana tutakuamsha utembee siku hiyo hiyo, na utatuchukia. Ukiwa nyumbani moyo ukaenda mbio, homa, pumzi fupi, au maumivu ya tumbo yanayopanda begani, usimpigie jirani kuuliza kama naye ilimtokea. Rudi hospitali.

Hapa naomba niwaulize wanaopanga kusafiri nchi nyingine kwa sababu bei ni nafuu. Sina ugomvi nanyi, na huko nako wapo madaktari hodari. Lakini mshono ukivuja siku ya tisa, wewe uko nyumbani na aliyekupasua yuko ng'ambo, nani atakupokea? Jina lake unalijua? Amekubali? Na karatasi ya maelezo ya upasuaji wako, unayo mkononi kwa lugha ambayo daktari wa hapa ataisoma?

Sasa tuje kwenye maisha yenyewe. Wiki mbili za kwanza ni vinywaji na supu iliyochujwa. Halafu vitu vilivyopondwa, halafu laini, na kama mwezi wa pili ndipo chakula cha kawaida. Kabla ya hapo, hata kabla ya upasuaji, unaweza kupewa wiki mbili za mlo mkali ili ini lipungue daktari apate nafasi ya kupita. Baadhi ya watu hukata tamaa hapo. Ni vizuri kulijua hilo mapema.

Nataka mwone mlo mmoja wa mwezi wa pili. Sahani ndogo. Mbele yako kuna yai moja la kuchemsha. Unakata kipande cha ukubwa wa ukucha, unakitafuna mpaka kiwe kama uji, unameza, unaweka uma chini. Unasubiri. Kila mtu mezani amemaliza na watoto wameshanyanyuka. Nusu ya yai inakutosha. Ukiongeza kipande kimoja kwa sababu tu ni aibu kubakiza, kitu kinakaza nyuma ya kidari, mate yanajaa mdomoni, na safari ya chooni inaanza. Maji hunywi pamoja na chakula, unasubiri nusu saa. Na katika udogo huo wote unatakiwa ufikishe angalau gramu 60 za protini kwa siku, kwa hiyo protini ndiyo inayotangulia kila mlo.

Aliyefanyiwa mchepuko akinywa kitu chenye sukari nyingi anaweza kutoka jasho, moyo ukampiga, tumbo likamharisha, akatamani kulala sakafuni. Nywele hudondoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita, halafu nyingi huota tena. Ngozi hulegea na hairudi yote.

Vitamini ni za kila siku, maisha yote. Narudia, maisha yote: B12, madini ya chuma, kalisiamu, vitamini D na vinginevyo kulingana na damu yako. Damu hupimwa mara kadhaa mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka. Mwaka wa tatu mtu anajisikia vizuri, anaacha. B12 haigongi mlango. Inapungua taratibu, mpaka vidole vinakufa ganzi. Na anayetapika mfululizo kwa siku kadhaa asikae nyumbani hata kidogo, maana upungufu wa vitamini B1 unaweza kuuharibu ubongo ndani ya wiki chache.

Akina dada na mabinti, hili ni lenu. Uzito ukishuka, yai huanza kupevuka hata kwa aliyeambiwa hatazaa. Tunashauri mimba isubiri miezi 12 hadi 18, na baada ya mchepuko vidonge vya uzazi wa mpango si vya kutegemea, kwa hiyo panga njia nyingine kabla, si baada.

Mengi ya maisha huboreka. Nimeona watu wakifunga kamba za viatu wenyewe kwa furaha ambayo mtu mwembamba hawezi kuielewa. Lakini wapo ambao sonona huwarudia, na tafiti zimeonyesha kwamba hatari ya kujidhuru huongezeka kwa baadhi yao. Ndoa nazo hutikisika, nyingine huimarika. Mtu aliyezoea kuonekana kwa namna moja anaanza kuonekana kwa namna nyingine, na si kila mtu nyumbani ameombwa ruhusa.

Mtaniuliza habari za sindano za kupunguza uzito. Ndiyo, zimebadilisha hesabu. Semaglutaidi iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya uzito mwaka 2021, tirzepataidi mwaka 2023. Katika majaribio makubwa, ya kwanza ilishusha uzito kwa karibu asilimia 15, ya pili kwa karibu asilimia 20 kwa dozi ya juu. Ukiacha, sehemu kubwa ya uzito hurudi, kwa hiyo nazo ni za muda mrefu. Maoni yangu, na daktari wako anaweza kuyapinga: mwenye BMI ya 32 asiye na ugonjwa mwingine, kama dawa anazipata, mimi ningeanza na dawa. Mwenye BMI ya 50, kisukari, na anayelala na mashine ya pumzi, nisingependa azungushwe miaka mitatu kwa kuogopa kisu, maana katika miaka hiyo ugonjwa nao hausubiri. Kati ya hao wawili kuna watu wengi, na hapo ndipo mazungumzo marefu yanapohitajika. Dawa hizi hutumika pia baada ya upasuaji, uzito unapoanza kurudi, na kwa wengi kiasi fulani hurudi.

Ukienda kwa daktari, mwulize amefanya mangapi ya aina hiyo, na wangapi walirudi na matatizo. Mwulize nani atakupokea usiku. Mwulize kama kuna mtaalamu wa lishe na wa saikolojia, au yeye ndiye kila kitu. Akichukia maswali, mshukuru na uondoke. Hupaswi kuuziwa mbuzi kwenye gunia kwa kitu utakachoishi nacho maisha yako yote.

Nina karatasi hapa imeletwa kutoka nyuma, haina jina. Inasema: "Nikibadili mawazo asubuhi yenyewe, nimeshavaa gauni la hospitali?" Unavua gauni, unavaa nguo zako, tunakuitia usafiri. Saini uliyoweka inaturuhusu sisi, haikufungi wewe, na hakuna atakayekununia, mimi wa kwanza. Miadi ya wiki inayofuata inabaki palepale. Karatasi nyingine?